Sura Kumi na Mbili za Ramadhani

Kaloleni, Kisumu
Jumamosi alasiri

Mwanangu Rehema,

“Picha haiwezi kumdhuru mtu, Baba. Wanaodhuru ni wenye bunduki na mihuri.” Ulisema hivyo juzi tukila, na mama yako akakutazama kama mtu anayemwona mwanawe akipokea cheti. Ni sentensi nzuri. Ningekuwa bado mwalimu ningeipa alama. Lakini nusu yake ya kwanza ni uongo, na nusu yake ya pili, ambayo ni kweli tupu, ndiyo niliyojificha nyuma yake miaka yote hii. Nakuandikia ili nikupinge. Nakupinga kwa karatasi kwa sababu tukibishana uso kwa uso utanishinda. Una ulimi wangu, na ni mimi niliyekufundisha kuutumia.

Kesho unaondoka na basi la usiku kwenda Nairobi. Mama yako ameshakuambia ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya wanaume, na sina la kuongeza hapo. Sasa hivi mmekwenda Manyatta kuaga jamaa, na mimi nimebaki kwenye meza ya kuchapia, mvua ikija kutoka ziwani. Neno langu ni moja, nalo linahusu kile ulichokitoa nyuma ya kabati Jumatano, ukakipangusa vumbi, ukakizungushia gazeti na kukifunga kwa kamba juu ya sanduku lako kabla hujaniuliza. Umeniambia mwalimu wako wa huko anaandaa maonyesho juu ya swali la sisi ni nani kama taifa, na kwamba akiiona picha hii ataitundika mlangoni. Naamini ataitundika. Mimi pia niliitundika mlangoni.

Wewe unaikumbuka kwa masimulizi. Kila Idi, wageni wakishashiba, mama yako au mimi tulikuwa tunaisimulia: jinsi Baba alivyochapisha picha ya kitambulisho cha Mzee Ramadhani mara kumi na mbili, wakubwa wakakasirika, Baba akawajibu ana kwa ana, akafukuzwa kazi ya ualimu na hakupiga magoti. Yote hayo yalitokea. Tuliyasimulia hivyo ili mtu mmoja katika hadithi asionekane waziwazi.

Nianze na picha yenyewe, maana umeifunga na sijui kama umeitazama. Ni karatasi nene, pana karibu kama meza hii. Ina safu tatu, na kila safu ina kadi nne. Sura ni moja tu: Ramadhani, shavu limeingia ndani kidogo, jicho la kushoto limefumba nusu kwa sababu mpiga picha alimshtua. Kadi ya kwanza nyeusi, ya pili nyekundu, ya tatu kijani. Rangi za bendera zilipokwisha nikaingia kwenye za dukani: waridi ya sabuni ya kuogea, manjano ya kopo la mafuta ya kupikia, buluu ya pakiti ya majani ya chai. Chini ya kila kadi nilichapa jibu tofauti la lile swali la kwenye fomu linalouliza kabila. Mjaluo. Mnubi. Mswahili. Mluhya. Mwarabu. Na kuendelea, mpaka ya kumi na mbili, ambapo niliandika: Seremala.

Wazo nilikuwa nimelipata maktaba, katika kitabu cha wachoraji wa ng'ambo waliochukua vitu vya dukani na sura za magazetini wakavichapisha tena na tena mpaka mtazamaji akaanza kuviogopa. Wenzangu shuleni walisema huo ni mchezo wa watu walioshiba. Mimi nilisema hapana, jambo hili tunalo hapa tayari. Miaka ile sura moja ilikuwa inatutazama kila mahali: dukani, buchani, kwa kinyozi, ofisi ya mwalimu mkuu, kwenye sarafu mfukoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini imerudiwa. Nikataka kumrudia mtu mwingine. Nikataka seremala wa Kaloleni atazame watu mpaka wajiulize kwa nini inawaudhi. Hilo wazo silikani hata leo, Rehema. Lilikuwa sahihi. Ndiyo maana ni vigumu kukuandikia.

Ramadhani ndiye aliyenitengenezea fremu zangu zote za mbao za kuchapia. Kitambaa chochote cha kuchapia, ukikivuta juu ya fremu iliyopinda hata kwa upana wa ukucha, rangi ya pili haitalala juu ya ya kwanza, na kila jezi ya timu utakayochapa itakuwa na simba mwenye vichwa viwili. Za Ramadhani hazikupinda. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza kutoka kaskazini. Mama yake alikuwa mtu wa Seme, wa hapo Kombewa. Alisali nasi Ijumaa, na alitukana kwa Dholuo tamu kuliko diwani. Na kwa sababu ya jina lake na babu yake, alihangaika miaka miwili kupata kitambulisho, kipande kama tunavyokiita mtaani, ambacho mimi nilipewa kwa wiki chache.

Nilimsindikiza mara moja kwenye kikao cha wazee wa kuchuja waombaji wa vitambulisho. Walikuwa wanne nyuma ya meza, na benchi la waombaji limejaa.

“Kabila?” akauliza mmoja.

“Seremala.”

“Tunauliza kabila, bwana.”

“Basi andika unayopenda. Nyinyi ndio mna kalamu.”

“Baba yako alizaliwa wapi?”

“Kaloleni.”

“Na baba yake?”

“Hiyo siku sikuwepo, Mzee.”

Benchi likacheka. Wazee hawakucheka. Akaambiwa arudi baada ya mwezi na barua ya mtu aliyemjua babu yake. Tulipotoka nilimsifu kwa jibu lile, nikamwambia ningekuwa yeye ningesema zaidi. Leo najua alikuwa anahesabu mwezi mwingine, na mimi nilikuwa nahesabu vicheko.

Siku alipokipata hatimaye alikuja hapa dukani, akagonga kioo kwa kona ya kadi.

“Mwalimu, simama. Unaongea na Mkenya.”

“Na jana ulikuwa nani?”

“Jana nilikuwa mbao.”

Wewe ulikuwa hapo, una miaka minane, na alikupa uishike kadi kwa mikono miwili kama msahafu. Nikamwomba aniazime.

“Unataka sura au kipande?”

“Vyote. Siku mbili.”

“Kipande changu kina siku moja duniani, omera, ndugu yangu. Mtoto wa siku moja hatolewi nje.”

Lakini akanipa. Alikuwa haniwezi. Watu wengi walikuwa hawaniwezi miaka ile, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya ukweli niliokuwa nao.

Kazi unaijua, lakini vumilia. Nilipiga kadi picha, nikaikuza kwenye filamu, nikapaka kitambaa dawa na kukificha chini ya kitanda kisione mwanga. Saa sita mchana nikakitoa juani, filamu juu yake, kioo juu ya filamu. Palipopigwa na jua dawa ikakauka. Palipofichwa na wino wa filamu ikalegea, nikaiosha kwa maji ikatoka. Sura ya Ramadhani ikafunguka kwenye kitambaa, tundu kwa tundu. Baada ya hapo, kama unavyojua, unakiinua kitambaa dirishani na kuziba kwa gundi kila tundu usilolitaka. Chochote usichokiziba, rangi itapita. Hakuna anayeweza kusema kimepita chenyewe.

Ramadhani alikuwa amesimama nyuma yangu nikiziba.

“Jina utaziba?”

“Naziba sasa.” Nikaziba.

“Na namba?”

“Na namba.”

“Namba hasa, Mwalimu. Jina langu wako wengi. Namba ni mimi peke yangu.”

“Nimekuambia nitaziba.”

Akaondoka, ana kazi. Aliajiriwa karakana moja ya kutengeneza madawati ya shule, kazi iliyodai kitambulisho kwanza, na ilikuwa wiki yake ya kwanza. Mimi nikabaki na brashi. Nikaiweka gundi juu ya tarakimu ya kwanza, nikaitoa kwa kitambaa kabla haijakauka. Nikachapa karatasi moja ya majaribio yenye namba niliyoibuni. Ilionekana ya kubuni. Sijui nikueleze vipi, lakini utaelewa maana una jicho: kadi yenye namba ya uongo ilikuwa kama tangazo la duka, na yenye namba ya kweli ilikuwa kama mtu anapumua. Nikasimama pale dakika nyingi. Kisha nikaiacha ile ya kweli.

Hapo ndipo, Rehema. Hakukuwa na bunduki chumbani wala muhuri. Kulikuwa na mimi na brashi.

Nilijiambia mambo. Nilijiambia kwamba hakuna atakayesoma tarakimu ndogo hivyo. Nilijiambia kwamba raia hana haja ya kuficha namba aliyopewa na serikali yake mwenyewe, na hoja hiyo ilinipendeza mpaka nikaiandika nyuma ya karatasi ili nisiisahau. Nilichapa nakala sita. Ya sita uliiharibu wewe: uligusa rangi mbichi ukabandika dole gumba la kijani pembeni mwa kadi ya kumi na mbili. Nilikugombeza, nikaitupa nyuma ya kabati. Ndiyo hiyo uliyoifunga. Zile tano zilichukuliwa zote na watu wa serikali baada ya maonyesho.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Walikuja wahadhiri wa Maseno na wanafunzi wao, wakaja wenye maduka na wake zao, na kwa saa mbili nilikuwa mtu niliyetaka kuwa. Kisha wakaingia watu wawili waliovaa makoti, na joto lilivyokuwa.

“Mwalimu,” akasema mmoja, kwa adabu kabisa, “hii picha ni ya kuuza?”

“Ni ya kufikiriwa.”

“Sawa. Na huyu ni nani?”

“Ni mwananchi.”

“Mwananchi gani huyo anarudiwa mara nyingi namna hii?”

“Yuko mwingine anarudiwa mara nyingi zaidi, hata kwa kinyozi, na bado hamjauliza.”

Ukumbi ukacheka, kicheko cha watu wenye hofu, ambacho ni kikubwa kuliko cha kawaida. Nikaendelea. Nilizungumza juu ya kipande cha enzi ya mkoloni kilichofungwa shingoni mwa baba zetu, juu ya wazee wa kuchuja, juu ya nani alimpa nani nchi. Nilizungumza vizuri. Wakati nazungumza, yule wa pili alisogea karibu na picha, akatoa kalamu, akaandika kitu kwenye kiganja. Nilimwona. Unasikia? Nilimwona, na nilijua anaandika nini. Ningeweza kusita, ningeweza hata kumwangushia picha ile miguuni. Nikafikiri: mwache, hata yeye ananakili kazi yangu.

Siku ya tatu Ramadhani alikuja bila kugonga kioo. Walikuwa wamemfuata karakana mbele ya mwajiri wake na kuchukua kadi.

“Wamesema ni kuhakikisha tu,” akasema.

“Hawana haki hiyo.”

“Najua hawana haki. Lakini wana kipande.”

Hakuuliza kwa nini sikuziba. Nilingoja aulize, nilikuwa na jibu. Badala yake akakaa kwenye kiti hicho chenye mguu uliounganishwa, akaniambia alichotaka.

“Waandikie. Sema namba uliitoa kichwani, imelingana na yangu kwa bahati mbaya. Sema samahani. Yule mkubwa wao si mtu mbaya, ananiambia barua tu inatosha.”

“Niseme uongo?”

“Wa mistari mitatu, omera.”

“Ramadhani, ukishaomba samahani kwa kuwa raia, utaomba mpaka lini? Mtu akianza hivyo haachi.”

“Nani amekuambia mimi nataka kuacha? Mimi nataka kwenda kazini.”

Nilimweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu, kwa mifano ya nchi nyingine na watu waliokataa. Alisikiliza kama alivyosikiliza siku zote, akichezea msumari. Mwishoni akasema, “Wewe una maneno, Mwalimu. Mimi nina watoto watatu.” Kisha akasema, “Basi fikiria mpaka kesho,” akaenda.

Sikufikiria mpaka kesho. Niliandika jioni ileile, lakini si ile barua. Niliandika kwa gazeti, barua kali kuliko zote nilizowahi kuandika, na ili isiwe maneno matupu niliweka jina lake kamili, kazi yake na mtaa wake. Jina ambalo nilikuwa nimeliziba kwa gundi nililifungua kwa wino. Wakaichapisha. Watu wa Maseno waliikata wakaibandika kwenye mbao zao za matangazo. Mimi nilibeba nakala kwenye pochi mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Baada ya hapo aliambiwa faili lake sasa ni la siasa. Akaambiwa aanze upya, alete karatasi za babu. Karakana ikachukua mtu mwingine. Mimi nami nilifukuzwa kazi, na hilo ndilo tulilowasimulia wageni. Lakini mimi nilikuwa na kadi mfukoni na meza hii ya kuchapia. Timu za mpira zilihitaji jezi, makanisa yalihitaji vitambaa, na hata chama kilipotaka fulana za kampeni kilikuja kwangu, nami nikachapa. Ndiyo, nilichapa sura ile ile niliyokuwa nimeipinga, mamia kwa mamia. Hilo pia hatukuwasimulia.

Ramadhani aliishi miaka minne bila kipande. Unajua maana yake kwa mtaa huu. Alijua magari ya polisi kwa mlio. Hakuvuka barabara kuu baada ya saa kumi na mbili. Alitengeneza vitanda na majeneza uani kwake, kwa watu waliokuwa tayari kuja kuchukua wenyewe. Msako mmoja ulimkuta sokoni, ametoka kununua gundi tu.

“Kipande?”

“Mnacho nyinyi,” akawaambia. Hiyo nilisimuliwa na watu waliokuwa pale, na walicheka wakinisimulia.

Alikaa siku tatu kwenye seli yenye maji sakafuni. Alitoka na kikohozi ambacho hakikuondoka tena. Mke wake, Mama Saidi, akauza walichokuwa nacho wakahamia Kombewa kwa wajomba wa Ramadhani, ambao waliwapa kiwanja, na mke akaanza kushona sare za shule pale sokoni.

Nilikwenda kumwona Ramadhani mara moja. Mara moja, Rehema, na ni mwendo wa asubuhi tu. Nilimpelekea magazeti. Nilimwambia mambo yanabadilika, vyama vingi vinakuja, kesi kama yake zitafufuliwa. Alikuwa amelala, mbavu zinahesabika. Akanyoosha mkono chini ya kitanda akatoa fremu.

“Hii nimekutengenezea. Mbao za huku ni mbichi, itapinda. Lakini chukua.”

Ilipinda. Ndiyo ile unayoilaani kila ukichapa nembo za shule, unayoniuliza kwa nini siitupi.

Alikufa nyumbani alfajiri moja ya mvua. Wanaume wa Kombewa walimwosha, wakamvika sanda, wakachimba. Kabla ya adhuhuri kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa karatasi ya ruhusa ya kuzika. Karani wa kuandikisha vifo alitaka namba ya kitambulisho cha marehemu. Wakamwambia kilichukuliwa. Akasema walete hata nakala, hata mahali ilipoandikwa. Bila hivyo anaandika mtu asiyejulikana, uraia haujulikani. Wajomba walisema tuzike tu, lakini Mama Saidi akakataa. Alisema hajaishi miaka minne hii ili mume wake aandikwe hajulikani.

Eda ilikuwa imemwanzia. Hakupaswa kutoka nje ya nyumba ile. Alitoka. Alipanda gari mpaka Kisumu, akashuka, akatembea mpaka hapa huku maiti ya mumewe ikimngoja. Mimi nilikuwa nachapa. Sikuwa nimesikia habari ya kifo. Niliona mwanamke amesimama mlangoni, nguo imelowa mpaka magotini.

“Baba Rehema,” akasema, “ile picha iko?”

“Ipo moja. Iliharibika.”

“Namba inasomeka?”

Nikajua. Nikaenda nyuma ya kabati nikaitoa, nikaitandaza juu ya meza hii. Nilimwomba akae, hakukaa. Akainama akaweka kidole kwenye kadi ya kwanza, akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, na mimi nikaandika. Alipomaliza akahamia ya pili, akasoma tena. Nikamwambia ni ileile.

“Andika,” akasema. “Wasije wakasema tumekosea.”

Akazisoma zote kumi na mbili. Namba ya mume wake mara kumi na mbili, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na mimi naiandika mara kumi na mbili chini kwa chini. Alipofika kadi ya mwisho akaona dole lako la kijani.

“Na hili?”

“Ni Rehema. Alikuwa mdogo.”

“Alimpenda sana huyu mtoto,” akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Nikakunja karatasi nikampa. Nilianza kusema. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyaandaa kwa miaka. Akainua mkono.

“Usiniambie kitu, shemeji. Wewe ukianza kusema, mtu mwingine ndiye analipa. Funika picha.”

Nikaifunika.

“Umewaonyesha watu ya kutosha. Sura hiyo haitoki tena humu ndani mpaka mimi niseme.”

“Sawa,” nikasema.

Ramadhani akazikwa alasiri ile, kwa jina lake na namba yake, Mkenya kwenye karatasi. Mimi sikwenda. Niliogopa kwamba wangeniomba niseme neno, na niliogopa zaidi kwamba wasingeniomba.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Wenye bunduki na mihuri wanadhuru: ndiyo. Siwapunguzii hata nukta. Waliomnyang'anya kadi walifanya uovu, walioiweka kwenye faili wakaisahau walifanya uovu, na huyo karani aliyetaka namba kutoka kwa maiti, sijui nimwite nani. Nitaendelea kuwapiga kwa kalamu mpaka nife, na natumaini utawapiga kwa nguvu kuliko mimi. Sikuambii uogope. Mwoga nimeshamwona, alikuwa anachapa fulana za kampeni. Ninachokataa ni hili la kusema kwamba kwa kuwa wao ni waovu, basi mkono wangu uliokuwa na brashi haukufanya chochote. Niliitumia hatia yao kama godoro kwa miaka, na nimelala juu yake vizuri.

Na usije ukaniambia kwamba namba ile ndiyo iliyomfanya azikwe kama raia, kwa hiyo ilikuwa na faida. Najua utalifikiria hilo, maana nami nimelifikiria. Nililishika siku moja nzima, likanipa nafuu, kisha nikaona ni jambo chafu. Alihitaji namba hiyo kwenye karatasi ya kuzikiwa kwa sababu niliitoa kwenye mfuko wa shati lake.

Wiki iliyopita ulipata kitambulisho chako. Sikukuambia, lakini ulipoweka dole gumba kwenye wino ule mweusi nilitoka nje ya ofisi ile, na mama yako alidhani ni joto. Umeweka kadi kwenye mkoba bila kuitazama mara mbili. Nafurahi. Naomba iwe hivyo maisha yako yote. Ukitaka siku moja kuitundika namba ukutani, unayo yako. Anza na hiyo, uone inavyokuwa ukirudi nyumbani usiku.

Picha hii si yangu ya kukupa, ndiyo maana sikukujibu Jumatano. Na si ya mwalimu wako, ambaye nakuomba umsomee barua hii kabla hajakupangia ukuta.

Basi lako ni la usiku, kwa hiyo una asubuhi nzima. Amka mapema, chukua picha kama ulivyoifunga, nenda Kombewa. Pale sokoni uliza Mama Saidi anayeshona sare. Kila mtu anamjua. Mwambie wewe ndiye wa dole la kijani. Usimweleze maana ya picha, wala juu ya taifa, wala maonyesho ni muhimu kiasi gani. Muulize kama inaweza kutoka, halafu unyamaze, na unyamaze hata kama atakaa muda mrefu. Akikataa, iache kwake, nenda Nairobi mikono mitupu. Akikubali, muulize kama namba izibwe, na akisema ndiyo, uizibe hapohapo mbele yake. Nimeweka chupa ya gundi niliyoichanganya na wino, pamoja na brashi, juu ya sanduku lako.

Usiifungue picha hiyo mbele ya mtu yeyote, Rehema, kabla Mama Saidi hajaifungua kwa mkono wake.

Baba yako